Mstari wa Mawimbi

Sisi ni akina mama 11 wa usharika mmoja wa Kilutheri kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Tu Wakisi, na kazi yetu ni kufinyanga vyungu. Tulipoombwa kuandika juu ya imani na kazi ya mikono, tulikaa jioni tatu tukazungumza, na mwenzetu mwenye mwandiko mzuri akayaweka maneno kwenye daftari. Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapokuta neno "sisi" ujue kwamba ndani yake wamo watu wengi, na kwamba si katika kila jambo tulikubaliana.

Tuanze na mahali, kwa sababu chungu huanza na mahali. Kwetu milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja mpaka majini. Vilele vyake vinapita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Majini nako mteremko unaendelea: mahali penye kina kirefu zaidi, ziwa letu linafika takribani mita 700. Kati ya ukuta huo wa mawe na kina hicho kuna ukanda mwembamba wa ardhi, na hapo ndipo Mungu alipotuweka. Jirani zetu Wanyakyusa walipewa bonde; wana mpunga, migomba na kakao. Sisi tuna mihogo mteremkoni, tuna samaki, tuna udongo. Ndiyo maana tangu enzi za bibi zetu wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu na kuvipeleka kwa mitumbwi kubadilishana na chakula. Mpaka leo, siku ya Jumamosi, soko la Lyulilo karibu na Matema hujaa vyungu, na kutoka hapo huchukuliwa kwenda Kyela mjini, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi.

Kazi yenyewe haina mashine. Tunachimba udongo, tunatoa mawe na mizizi, tunauponda na kuukanda mpaka ulainike. Bonge la udongo tunaliweka ndani ya gae la chungu kilichovunjika, na gae hilo tunaliweka juu ya ardhi yenye majimaji ili lizunguke kwa urahisi. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unainua ukuta wa chungu. Kwa kulainisha tunatumia gunzi la muhindi na kipande cha kibuyu. Chungu kikianza kukauka tunakipaka udongo mwekundu na kukisugua kwa jiwe dogo laini la ufukweni mpaka king'ae. Michoro tunaichora kwa udongo mweupe. Kuchoma tunachoma mahali pa wazi: tunavipanga vyungu, tunavifunika kwa kuni na nyasi kavu, tunawasha moto na kumwomba Mungu azuie upepo. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na wakasema pia mfinyanzi hulia gaeni. Methali zote mbili ni za kweli nyumbani kwetu. Vyungu vizuri huenda sokoni. Vilivyopata ufa hubaki jikoni.

Wageni hutuuliza michoro tumejifunza shule gani. Hatukujifunza shuleni. Kuna mchoro tunaouita meno ya mlima, yaani pembetatu zinazofuatana chini ya shingo ya mtungi. Ukikaa ndani ya mtumbwi asubuhi ukatazama nchi kavu, utaiona michongoma hiyo ya mlima wenyewe. Kuna vitone vingi vinavyopanda kama moshi; hao ni kungu, wale wadudu wadogo ambao huinuka juu ya ziwa kwa wingi hata mgeni akadhani kuna chombo kinaungua. Watu huwakamata na kuwafanya mikate. Kuna mistari mifupi ya ubavu wa samaki, maana maji yetu ni maangavu na samaki wa kwenye miamba wana milia. Na kuna mstari wa mawimbi, unaozunguka tumbo la chungu bila mwanzo wala mwisho. Hapa kwetu chungu hakikuhesabiwa kuwa kimekwisha kabla ya kupata mstari huo.

Bibi aliyewafundisha wengi wetu, ambaye sasa amelala katika Bwana, hakuturuhusu kuchora siku ya kwanza wala mwezi wa kwanza. Alitutuma ufukweni. "Nendeni mkatazame," alisema. "Mkirudi mniambie wimbi linaanzia wapi." Tulirudi na majibu ya kitoto, naye akatutuma tena. Wakati ule tulidhani anataka tu tumwondokee. Leo tunajua kwamba mkono huchora kile ambacho jicho limekaa nacho muda mrefu, na kwamba kutazama nako ni kazi. Bibi huyo hakuchimba udongo hata siku moja bila kuomba. Ombi lake lilikuwa fupi: "Baba, tunaomba kidogo katika kazi yako ya siku ya tatu." Wengi wetu tulikuwa tumeshakuwa watu wazima ndipo tulipofungua Mwanzo sura ya kwanza na kuona kwamba siku ya tatu ndiyo siku nchi kavu ilipoonekana.

Tumewahi kujiuliza kwa nini Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi. Angeweza kuita kitu kutoka mbinguni. Alichukua kilichokuwapo pale, chini ya miguu. Nasi mfinyanzi anayetoka mbali akatukuta tukifinyanga, atajua mara moja kwamba chungu ni cha Ikombe au cha Matema, kwa rangi, kwa uzito, kwa jinsi kinavyolia ukikigonga kwa ukucha. Hakuna chungu kisicho na kwao.

Imani hii ilipimwa kwanza kwa fedha. Mfanyabiashara mmoja alitujia kutoka mjini akiwa na picha kwenye simu. Alitaka vyungu 200 vyenye twiga, kwa kuwa watalii, alisema, wanapenda twiga. Alikuwa tayari kulipa nusu kabla ya kazi. Ilikuwa Novemba, na kila mzazi anajua Januari inakuja na nini: sare, madaftari, michango. Hakuna twiga kwenye milima ya Livingstone. Wengi wetu hatujamwona twiga isipokuwa kwenye kitenge. Tulijadiliana jioni mbili. Wenzetu wanne walikubali, wakachora twiga, na watoto wao wakaenda shule na sare mpya. Hao wanne wamo katika "sisi" hii, na wametuomba tuandike kwamba hawakuona haya, kwa kuwa mtoto kwenda shule nako ni jambo la Mungu. Sote tunakubali.

Lakini ni wao hao walioleta neno lililotusaidia. Walisema kuchora twiga ni kama kusimama kanisani ukatoa ushuhuda wa mtu mwingine: maneno unayajua, ila hayakukutokea wewe. Tulilicheka neno hilo siku ile, kisha tukalikumbuka muda mrefu.

Binti wa mwenzetu mmoja, aliyesoma chuo, alisikia mazungumzo hayo akatusomea habari za Ladi Kwali, mfinyanzi wa Nigeria. Alijifunza kazi kijijini kwao Kwali, na mwaka 1954 akaingia katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja. Alipofika huko hakuacha michoro ya kwao. Mitungi yake ina mijusi, nge, nyoka, mamba, samaki, viumbe wa ardhi yake. Leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Tulipiga vigelegele kusikia kwamba mfinyanzi wa kijijini amewekwa kwenye noti! Binti akatuambia pia kwamba Magdalene Odundo, aliyezaliwa Kenya mwaka 1950, alikwenda kituo hicho hicho kujifunza, na leo vyombo vyake vinatunzwa katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Hatukuota noti wala makumbusho. Tulichopata ni moyo: kwamba mwanamke anaweza kuchora kilicho mbele ya mlango wake, na kikatosha.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo bila hilo tusingeandika.

Ziwa letu ni refu, zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, nasi tuko kwenye ncha ya kaskazini. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki husukuma maji umbali huo wote, na mawimbi hutufikia yakiwa yamekomaa. Karibu kila familia hapa ina mtu wake aliyechukuliwa. Miaka sita iliyopita, Jumamosi moja ya Julai, kijana wa mwenzetu alipeleka vyungu vyetu Lyulilo. Alikuwa na umri wa miaka 19, akiimba sauti ya tatu katika kwaya ya vijana, na mtumbwi aliujua tangu utoto. Asubuhi ziwa lilikuwa limelala. Aliuza vyungu vyote, akanunua mchele, chumvi na sabuni kwa orodha tuliyompa. Alasiri, akiwa njiani kurudi, upepo ukageuka. Jioni mtumbwi ulionekana ukielea umepinduka. Mwili wake ulipatikana kesho yake, mbali na kijiji.

Mama yake hakuacha kufinyanga. Ana watoto wengine watatu. Siku za msiba zilipokwisha alirudi kwenye udongo, akakaa mahali pake pa siku zote. Alichora meno ya mlima. Alichora kungu na samaki. Mstari wa mawimbi hakuuchora. Sokoni wanunuzi walivishika vyungu vyake, wakavigeuza huku na huku, wakasema, "Mama, hivi bado havijaisha," wakataka wapunguziwe. Alipunguza bei, na mstari hakuuweka.

Sisi wenzake tulikuwa kwenye kazi hiyo hiyo, tukichora hapo hapo pembeni yake. Fikiri, ndugu msomaji. Kila mmoja wetu alichovya kijiti kwenye udongo mweupe na kuzungusha mstari ule ule, kwa mkono uliozoea, huku yeye akitazama pembeni. Tulijiuliza kama tuuache sote kwa heshima ya msiba. Baadhi yetu walisema ndiyo. Wengine walisema ziwa ndilo linalotulisha, na mtoto wake mwenyewe alilipenda. Tulimwuliza. Alisema, "Chorani. Ninyi lenu mnaliona. Mimi nikilitazama naona jingine." Basi tukaendelea, na kila tulipomaliza chungu tulijua maana ya mstari huo imebadilika hata kwetu.

Katika miezi hiyo somo la Jumapili moja lilitoka Warumi sura ya 9, pale mtume Paulo anapotoa mfano wa chombo kisichoweza kumhoji aliyekifinyanga. Mhubiri alilieleza kwa uaminifu. Baada ya ibada tulikaa na mwenzetu kivulini, naye akasema polepole, "Udongo huuliza. Wangu huniuliza kila siku."

Tulikaa na neno hilo wiki nyingi. Watu hupenda kuhubiri juu ya mfinyanzi, na karibu wote husisitiza mamlaka yake: anafanya atakavyo. Ni kweli, na hatuandiki haya kumpinga mtume, aliyekuwa akimjibu mtu anayetaka kumhukumu Mungu. Tunasema tu upande ambao mikono yetu inaujua. Udongo ukiwa na maji mengi hulegea na kuketi. Ukikauka upande mmoja kabla ya mwingine hupata ufa. Ukiwa na jiwe ndani, jiwe hilo litasema siku ya moto. Hayo ndiyo maswali ya udongo, na mfinyanzi asiyeyasikiliza atabaki na vigae. Mwenye kujua kazi husimama, hulowesha mkono, husubiri, huanza tena taratibu. Hata siku moja hatujawahi kuukasirikia udongo kwa sababu umeuliza.

Halafu tukafungua Yeremia sura ya 18, ambako nabii anaambiwa ashuke nyumbani kwa mfinyanzi. Tuliisoma mara nyingi zamani, lakini safari hii mwenzetu ndiye aliyeona jambo. Chombo kile kiliharibika, lakini tazama kiliharibikia wapi: mkononi mwa mfinyanzi. Hakikuanguka chini. Hakikuwa kimesahauliwa rafuni. Kiliharibika kikiwa kimeshikwa, na mfinyanzi hakuutupa udongo ule. Alifanya chombo kingine kwa udongo uleule. "Sijui kwa nini mwanangu," alisema. "Ila nikisoma hapa najua niko wapi." Hakusema zaidi, wala hatukumwomba aseme zaidi.

Kutoka hapo tulianza kusoma Zaburi kwa macho ya watu wa ziwani. Zaburi ya 104 inafurahia bahari kubwa na viumbe wasiohesabika. Zaburi ya 42, ya 69 na ya 88 nazo zinataja maji, vilindi na mawimbi, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoyasifu. Anayeomba anasema maji yamempitia juu, na anamwambia Mungu mwenyewe. Zote ziko katika kitabu kimoja, na kanisa huziimba zote. Tulielewa basi kwamba kumtukuza Muumba kwa yale aliyoyaumba si lazima kuwe kusema ziwa ni zuri. Wakati mwingine ni kuliweka ziwa mbele zake kama lilivyo, pamoja na kile lilichochukua.

Mwaka uliofuata kanisa letu lilipakwa rangi upya, na baraza la wazee likatafuta bakuli la ubatizo. Lililokuwapo lilikuwa la bati, rangi yake imebanduka. Mzee mmoja alipendekeza tuchangishe fedha tununue la chuma kinachong'aa kutoka mjini. Chungu, alisema, ni chombo cha jikoni, na nyumba ya Bwana inastahili kitu kisichovunjika. Hoja yake ilikuwa na uzito, maana sote tumeona vyungu vikivunjika. Mmoja wetu, ambaye ni mjumbe wa baraza, alimjibu, "Baba, hata sisi tunaobatizwa tunavunjika." Mzee akafikiri, akacheka, akasema, "Haya, basi fanyeni matatu, maana najua moja litavunjika."

Hatukujua nani afanye kazi hiyo. Mwenzetu ndiye aliyesema, "Nitafanya mimi."

Alifinyanga mabakuli matatu, upana wa ungo mdogo. Nje aliyapaka udongo mwekundu na kuyasugua mpaka yang'ae, bila mchoro wowote. Ndani, udongo ukiwa bado mbichi, alikwaruza kwa kijiti cha mwanzi mstari wa mawimbi, mzunguko mmoja, karibu na kitako. Mchoro wa udongo mweupe usingedumu ndani ya maji, lakini mkwaruzo hudumu. Tulipouona tulinyamaza. Hatimaye mmoja wetu akauliza kwa nini ndani.

"Nje bado siwezi," alijibu. "Ndani maji yataufunika."

Sisi tunaoishi kwenye ukingo wa maji tunajua kwa nini Paulo, katika Warumi sura ya 6, anaufananisha ubatizo na kuzikwa pamoja na Kristo. Mtu wa nchi kavu anaweza kusoma habari za maji akafikiria kunawa. Kwetu maji ni chakula na ni kaburi, na tunaposikia kwamba Bwana ameshuka mpaka huko na kutoka, tunajua ni wapi hasa alikoshuka.

Siku ya kuchoma upepo ulikuwa mdogo, tukafurahi. Hata hivyo moto una siri zake. Mabakuli mawili yalipata ufa, moja kutoka ukingoni, jingine likaachana kabisa vipande viwili. Lililobaki zima halikuwa zuri kuliko yote. Linaegemea kidogo upande mmoja. Alilifunga kwenye kitenge akalipeleka kanisani kichwani, naye mzee yule alilipokea kwa mikono miwili.

Bakuli hilo linatoa jasho. Wasiojua vyungu walishtuka walipoona maji yakitokeza nje taratibu na kulowesha kitambaa cha meza. Ndivyo ulivyo udongo uliochomwa kwa moto wa wazi: maji hupenya polepole, na ndiyo sababu mtungi hupooza maji hata siku ya jua kali. Mzee aliyetaka chuma ndiye anayebadilisha kitambaa sasa, kila ibada ya ubatizo. Mjukuu wake alibatizwa hapo Pasaka iliyopita. Tulimwona akichungulia ndani ya bakuli kabla mchungaji hajamwaga maji.

Na yale mabakuli mawili? Mfinyanzi hulia gaeni, tumesema. Kitako cha lile lililoachana ndicho gae analotumia mwenzetu leo kuzungushia kazi zake. Kwa kuwa mstari aliukwaruza ndani, kila bonge la udongo analoliweka pale linapigwa chapa: chungu kinapoinuliwa, chini yake kuna mawimbi, membamba, kama alama ya maji mchangani. Mwanzoni aliyafuta kwa kipande cha kibuyu. Siku hizi anayaacha. Mnunuzi hayaoni, maana chini ya chungu hakuna anayetazama, na wiki ya kwanza masizi ya mafiga yatayafunika. Tumboni mwa chungu bado hakuna mstari. Wengine wetu tunaamini ipo siku atauchora. Wengine tunaamini hatauchora mpaka atakapokutana na mwanawe. Yeye mwenyewe, alipoisikia sehemu hii ikisomwa, alisema tuandike yote mawili.

Ndugu msomaji, huenda unapoishi hakuna ziwa. Huenda unaamka na vumbi la barabara, au na mashamba ya chai, au na kelele za magari ya mjini. Tunachokuomba ni kidogo. Patazame mahali pako jinsi bibi alivyotutuma tutazame, zaidi ya mara moja, bila haraka. Usimletee Mungu twiga wa watu wengine ikiwa kwako kuna samaki. Na kama katika hayo unayoyaona kuna kitu kilichokuumiza, usijilazimishe kukipamba. Nacho kinaweza kuwekwa mbele zake, hata kwa kukwaruza tu, hata mahali ambapo watu hawaoni. Mtume Paulo huyo huyo, aliyesema juu ya chombo kisichohoji, alijihesabu yeye na wenzake kuwa vyombo vya udongo vyenye hazina ndani. Hakusema vyombo vya chuma.

Tunamaliza kuandika mwezi wa Julai, na upepo wa kusini umeanza. Jumamosi mitumbwi itakwenda Lyulilo na vyungu. Siku hizi haiondoki kabla hatujakusanyika ufukweni, na anayeongoza maombi ni yeye. Huomba kwa sauti ya kawaida, macho yakiwa wazi, akilitazama ziwa.